Mizunguko Minne ya Skrubu

Nyumba ya Kwanza, Mtoni
2 Septemba

Kwa binti yangu fundi,

Hujambo mwanangu? Karakana haijambo? Paka ameacha kulala ndani ya kofia yangu? Huku sisi sote wazima, ila makalio. Jana saa nne tulipenya Pengo Dogo bila wingu hata moja, vilele viwili vimesimama wazi kulia na kushoto, na wageni wote saba wakapiga picha mpaka nikahofia mlima utaisha. Upande wa pili nyasi bado ni za kijani mpaka pale theluji inapoanzia, na ng'ombe wamelala katikati ya barabara kama wameinunua.

Safari hii tuna daktari wa meno na mkewe. Mke anaendesha pikipiki vizuri kuliko mume. Mume hajui, na sisi hatumwambii. Mkia anakusalimu. Yuko nyuma kabisa kama kawaida yake, anaokota glavu zilizodondoka na watu waliozimikiwa injini.

Neno moja la kazi. Breki yangu ya mbele bado nzito. Uliniambia umeilegeza. Uliilegeza au uliipungia mkono tu? Kuteremka Pengo Dogo nilitegemea zaidi ile ya mguu. Nikirudi uitazame vizuri.

Simu huku ni tochi tu, kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori la maziwa. Anazunguka mlima kinyume chetu, kesho asubuhi utaisoma. Unisamehe mwandiko, meza hapa inacheza.

Ni mimi baba yako.


Karakana
3 Septemba

Shikamoo Baba,

Barua yako imefika saa tatu asubuhi pamoja na mitungi ya maziwa. Nashukuru kusikia mko salama. Mimi mzima, paka mzima, kuhusu kofia sina la kusema.

Baba, nimeisoma mara tatu, kisha nikaitoa shajara yangu. Najua unaicheka, lakini leo isikilize.

11 Juni: Baba asema breki ya mbele ya namba moja nzito. Nimegeuza skrubu mzunguko mmoja, kishikio kisogee karibu na usukani, vidole visihangaike. 29 Juni: hivyo hivyo. 20 Julai: hivyo hivyo. 17 Agosti: hivyo hivyo. Halafu 31 Agosti, siku moja kabla hamjaondoka, niliijaribu mwenyewe. Nilivuta kwa vidole viwili, ikashika. Niliandika hivyo na sikufikiri. Leo nimefikiri.

Kuna mengine. 5 Agosti, Baba kaangusha kikombe cha chai. 22 Agosti, Baba kafunga vifungo vya koti kwa mkono wa kushoto. Niliyaandika kama mtu anayeandika hali ya hewa. Na barua uliyoniletea mwaka jana kutoka Nyumba ya Kwanza ninayo. Nimeiweka kando ya hii ya jana. Meza ni ile ile, Baba, na mwaka jana haikuwa ikicheza.

Kosa ni langu pia. Wewe ulisema pikipiki, nami nikaitibu pikipiki. Sasa kishikio kiko karibu mno na usukani. Kwenye tambarare hakuna neno. Lakini kuteremka Pengo Kubwa kuna kona thelathini na moja. Breki ikipata moto italegea zaidi, kishikio kigonge usukani kabla gurudumu halijashikwa. Utavuta, upate hewa. Na nyuma yako kuna watu saba wanaofuata taa yako popote inapokwenda.

Nakuomba, tarehe 7 Mkia atangulie, wewe upande lori. Nijibu kwa lori la kwanza.

Binti yako.


Nyumba ya Pili, Ziwani
5 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima na ziwa limetulia. Asubuhi unaiona milima yote imepinduliwa majini, mgeni mmoja akauliza ipi ni ya kweli.

Barua yako nimeikuta imenitangulia, imekaa kaunta inanisubiri kama askari wa zamu. Tarehe, tarehe, tarehe! Siku nikifa utaandika: saa nane na robo, Baba kafa, mawingu kiasi.

Mlima huu nimeuzunguka mara mia mbili na kumi na mbili. Wewe umeuzunguka mara ngapi kwa shajara? Mkono unakufa ganzi kwa sababu ya baridi. Nitajie mtu ambaye wake haufi ganzi huku. Kifuniko cha tangi hunifungulia mke wa daktari wa meno kila asubuhi, anasema anapenda harufu ya petroli. Basi tumwache apende.

Unasema Mkia atangulie. Mkia ni mpwa wangu na nampenda, ila miaka sita sasa barabara anaionea mgongoni kwangu. Ondoa mgongo huo, hajui hata kushoto ni wapi. Na usiniambie kwamba utakuja wewe. Hilo tulishalimaliza. Mbele si mahali pa kujifunzia.

Nikisikia umemwandikia mgeni hata mmoja kuhusu mkono wangu, tafuta karakana nyingine na baba mwingine.

Tarehe 7 saa saba mchana tutakuwa nyumbani, na taa ya kwanza utakayoiona ni yangu. Habari hiyo sitaki kuisoma tena.

Baba yako, ambaye bado yupo.


Karakana
6 Septemba

Shikamoo Baba,

Natumaini mmefika Nyumba ya Tatu salama na umepata mahali pa kukausha viatu. Hapa mvua imeanza alfajiri, na mawingu yameshuka kutoka Pengo Kubwa mpaka yamefunika nusu nzima ya kona. Dereva amewasha injini, ananipigia honi, kwa hiyo sina nafasi ya kubishana nawe.

Wageni sijawaandikia na sitawaandikia. Nakuandikia wewe.

Ndani ya bahasha kuna bisibisi fupi. Geuza ile skrubu ya kishikio kuelekea kulia, mizunguko minne kamili, mmoja kwa kila tarehe niliyokutajia. Breki itarudi kama ilivyokuwa mwezi wa Mei. Itakuwa salama hata ikipata moto, na pikipiki haitakuwa na kasoro yoyote.

Halafu, asubuhi kabla wageni hawajatoka, ipeleke upande wa juu wa ua wa hapo. Unaujua ule ua unavyoteremka. Panda, injini ikiwa imezimwa, inua miguu, iache ishuke. Vuta breki ya mbele peke yake. Chini kuna rundo la nyasi kavu za ng'ombe, halitakuumiza.

Ikisimama, vuka. Nitakuomba radhi mbele ya wageni wote na shajara nitaitia motoni, utashika kiberiti mwenyewe. Isiposimama, utakuwa umejua, na hutahitaji kuambiwa na mimi.

Pikipiki namba kumi iko mezani vipande vipande. Naifunga leo, kwa lolote litakalokuwa.

Honi tena. Baba, nina wewe tu.

Binti yako.


Karakana
7 Septemba, saa moja jioni

Baba,

Sijui naandika ili nani apeleke.

Nilifika kona ya thelathini na moja saa sita na nusu. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Saa tisa ukungu ulishuka mpaka barabarani, sikuona hata ukingo, nikawa nasikiliza tu. Saa kumi nilisikia injini huko juu, nikasimama katikati ya njia. Lilikuwa trekta la mkata mbao.

Nikamuuliza, "Umeona pikipiki huko? Tisa, zimefuatana?"

"Nimeona ukungu, dada."

"Hata moja?"

"Hata barabara yenyewe sikuiona. Namshukuru Mungu kukuona wewe kabla sijakukanyaga."

Nimerudi, nimevua nguo zilizolowa, nimekula nikiwa nimesimama. Namba kumi nimeifunga na inawaka. Kesho saa tatu lori la maziwa likifika bila neno lako, napanda. Kama ulivuka ukiwa mbele, nitawakuta mahali fulani kati ya kona ya kwanza na ya mwisho. Sitaki kufikiri ni mahali gani.

Shajara ya leo nimeiacha tupu.

Binti yako.


Nyumba ya Tatu
7 Septemba, asubuhi

Mwanangu,

Hujambo? Wageni wazima, wote saba. Mkia mzima. Mimi naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nitasema machache, na wengi watashukuru.

Nyasi ni laini. Najua kwa sababu nimelala ndani yake mara tatu.

Mara ya kwanza nilisema kiatu kiliteleza. Mara ya pili nikalaumu baridi. Mara ya tatu nilivua glavu, nikakaa pale pale kwenye nyasi nikautazama mkono wangu. Vidole vinakizunguka kishikio vizuri kabisa. Ila hakuna anayevuta. Ni kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa.

Nilifikiria zile kona, na yule mke wa daktari wa meno nyuma yangu, anafuata taa yangu kwa sababu nilimwambia aifuate na asiulize.

Kumbe alikuwa dirishani. Hakucheka. Alishuka akanitoa nyasi kichwani, akasema, "Mzee, leo tunapumzika?" Nikamwambia tunapumzika. Tunamsubiri kiongozi.

Kiongozi ni wewe. Nilisema mbele si mahali pa kujifunzia, na bado nasema hivyo. Lakini wewe umejifunza nyuma yangu tangu una miaka kumi, mimi ndiye niliyekuwa sigeuki kutazama. Njoo na namba kumi. Mkia atabaki mkia. Namba moja tutaipakia kwenye lori, nami nitakaa na mitungi ya maziwa, na nakuomba usiwaruhusu wageni wanipige picha.

Njoo polepole. Barabara imelowa.

Baba.


Karakana
21 Septemba

Kwa binti yangu kiongozi, Nyumba ya Tatu,

Hujambo mama? Wageni wako watano hawajambo? Mkia anakutii, au anajifanya ameisahau njia ili ukamtafute?

Mimi sijambo, kwa sehemu kubwa. Daktari ameuchoma mkono wangu kwa sindano kuanzia kiganjani mpaka begani akiniuliza, "Hapa? Na hapa?" kama anayetafuta maji ardhini. Ni mshipa wa fahamu. Anasema miezi sita, na baada ya miezi sita atasema tena. Hakutaja pikipiki, nami sikumuuliza. Nimekaza bolti kwa kushoto leo, nusu saa, bolti moja. Paka alinitazama muda wote. Nadhani naye anaandika shajara.

Na yako nimeifungua, usinune. Sijasoma mambo yako ya moyoni, kama yamo umeyaficha vizuri kati ya oili na tairi. Nimekwenda 11 Juni, 29 Juni, 20 Julai na 17 Agosti, na pembeni ya kila moja nimeandika kwa mkono huu mbovu wa kushoto: Breki ilikuwa nzima. Baba. Imenichukua asubuhi yote ya jana. Ile 7 Septemba uliyoiacha tupu sikuigusa.

Sasa sikiliza. Tangu jana mchana Pengo Kubwa silioni. Kona ya tisa ina maji yanayokatiza chini ya kivuli, usiamini rangi ya lami. Ya kumi na tisa, pita nje, hata kama jiwe la ukingoni linakutisha. Ya ishirini na sita simama, uwahesabu wote. Mimi nilikuwa nikiona haya kusimama, nikawa nawahesabu kwa kioo. Wewe simama. Na isipopitika, usivuke. Nyasi za uani unaambiwa ni laini.

Mwanangu, miaka yote nilidhani kazi iko huko mbele. Tangu juzi naamka naangalia mawingu, nakunywa chai, naangalia mawingu. Hukuniambia kwamba kusubiri kunachosha mgongo kuliko kuendesha.

Kesho kuanzia saa sita na nusu nitakuwa kona ya thelathini na moja. Kiti nimeshakipeleka. Nitahesabu taa saba.

Na kalamu ninayo. Ukichelewa, nitaandika saa na dakika.

Baba.