Évode, Hukutoa Jina la Mtu

Mwaka umezunguka, Évode mwanangu, tangu asubuhi ile ya Machi ulipotutoka pale hospitali ya Flemingsberg. Mengi ya haya niliambiwa na Josefin, yule Mswidi uliyefanya naye kazi, siku ya tano baada ya kukuzika. Alikuja hapa nyumbani kwetu Tumba na keki mkononi, akakaa bila kuvua koti, na binti yako Natalie akawa anatutafsiria.

Kwanza niseme ulivyokuwa. Hukujua kukaa. Chai uliinywa ukitembea, kutoka jikoni hadi dirishani, na ukikuta taulo imetupwa kitini uliikunja mara nne, kama mlivyokunja mashuka ya wagonjwa kule kwenye kiwanda chenu cha kufulia. Raïssa mkeo alikuwa akikwambia, "Baba Natalie, hapa ni nyumbani, hakuna msimamizi." Unacheka, unakunja na nyingine.

Watu wetu wakifika Stockholm walipewa namba yako kabla hawajapewa blanketi. Uliandika kwenye simu: fulani anatafuta kazi, anajua kupika, fulani ana watoto watatu, zamu ya usiku hawezi. Miaka kumi na tisa ulifua nguo za hospitali, na nusu ya kwaya yetu ilipata kazi ya kwanza kwa mdomo wako.

Jumatano jioni ulikwenda kusoma na wenzako wa chama cha wafanyakazi. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini kila uliporudi ulinieleza, nami nikichambua maharage. Ulisema kati ya vile vita vikuu viwili vya dunia, wenye viwanda wa Ulaya hawakungoja mgomo uanze ndipo wahangaike. Walijipanga mapema, wakawa na vyama vya kuvunja migomo, na ofisi, na orodha za wanaume walio tayari kushika kazi ya waliogoma. Waliwatoa mbali, mahali penye njaa, wakawaleta kwa treni na kwa meli, wakawalaza ndani ya uzio, askari nje. Wagomaji nao wakachapisha majina ya wale watu gazetini, jina na kijiji alikotoka, hata watoto wao wakanyooshewa vidole.

"Mama," ukasema, "wa ndani alikuwa na njaa, na wa nje alikuwa na njaa. Aliyeshiba ndiye aliyeandika orodha ya kwanza."

"Sasa mwenye kosa nani?" nikakuuliza.

"Kuvunja mgomo wa mwenzako ni kosa, Mama, hilo sibishi. Lakini yule mtoto aliyenyooshewa kidole, yeye alivunja nini?"

Januari mwaka jana mgomo ukafika kwenu. Msimamizi alikupigia simu tukiwa mezani, ukaiweka sauti juu, sote tukasikia. "Évode, wewe unawajua watu wengi. Nitafutie kumi na watano, Jumatatu waanze." Ukamwambia unawajua, ndiyo, na hutampa hata mmoja. Ulipokata simu, Bertrand mdogo wako alikuwa ameacha kula. Alikuwa na miezi minane hana kazi, na bila kazi hakuwa na njia ya kumleta mkewe kutoka Bujumbura.

"Kaka, kumi na watano! Hata mimi ungeniacha nje?"

"Nje tutakuwa wote. Na mimi nagoma kuanzia Jumatatu."

"Wewe mkeo yuko jikoni hapo. Kwako kugoma ni rahisi."

Ukamsogezea mboga, kwa sababu ilikuwa kweli.

Basi Bertrand akajiandikisha mwenyewe kwa wakala wa kazi, na watano wa kwaya wakamfuata. Jumatatu wakapita langoni ndani ya gari ambalo mapazia yake hayakufunga vizuri, nawe umesimama kwenye theluji na wenzako. Josefin alisema alikuona umeinamisha kichwa, akakuvuta mkono wa koti.

"Wale ni wa kanisa lako. Tupe majina tuyabandike."

"Nawajua wote sita," ukamwambia. "Siyatoi."

"Uko upande gani, Évode?"

"Huoni niliposimama? Vidole vyangu vimeganda kama vyako. Kusimama nitasimama nanyi mpaka mwisho. Majina, hapana. Msimamizi aliyataka nikamnyima, na wewe nakunyima."

Siku tatu baadaye majina yote sita yalikuwa yamebandikwa langoni, na yamezagaa kwenye simu za watu kuanzia Tumba hadi Hallonbergen anakokaa Bertrand. Akaja mbio, hata mimi hakunisalimu.

"Umeniuza, kaka! Nani mwingine kule nje anatujua sote sita?"

"Keti kwanza ule."

"Kwako sili tena!"

Akaondoka. Nikakwambia, "Mwanangu, kama si wewe, sema." Ukaenda dirishani, ukarudi. "Nikisema si mimi, atauliza ni nani. Tulia, Mama."

Nikatulia. Nimezoea kutulia, lakini safari hii ilikuwa kwa shingo upande. Wenzako walikuwa hawakupi kahawa kwa kuwa uliwanyima majina, na kanisani watu walihama benchi kwa kudhani umeyatoa. Mgomo ukaisha, ugonjwa ukakuangusha, na Bertrand hakukanyaga hospitali. Kila mlango wa wodi ulipofunguka, uliinua kichwa kutazama ni nani.

Sasa siku ile ya Josefin. Alisema neno, Natalie akaacha kutafsiri.

"Tafsiri," nikamwambia.

"Nej, Bibi, hapana."

"Tafsiri, mjukuu wangu. Mimi ni mtu mzima."

Ndipo akatafsiri. Majina yalitoka kwa Bertrand mwenyewe. Siku ya kwanza alipiga picha mle ndani, sare mpya, watano wa kwaya nyuma yake, akaiweka WhatsApp ili mkewe na jamaa wa Bujumbura waone. "Siku ya kwanza kazini, Bwana ametenda," na chini yake jina la kila mmoja. Sisi ndivyo tunavyoshukuru. Mgomaji mmoja alikuwa na namba yake, akaiona. Josefin alikuonyesha ile picha siku majina yalipobandikwa, nawe ukamsihi asimwambie mtu. "Wale watano wakijua ni yeye," ulisema, "atabaki na nani katika mji huu? Mimi nina mama na mke. Acha wanichukie mimi."

Uliomba iwe siri, nami nikaishika karibu mwaka mzima. Lakini Jumapili iliyopita nilimpigia Bertrand kumweleza habari ya misa yako, akasema haji kumwombea mtu aliyemuuza. Hapo nikashindwa.

"Njoo hapa," nikamwambia, "au nipande treni nije huko na magoti yangu haya."

Akaja. Nikamweleza yote aliyosema Josefin, na Natalie akampa simu yenye picha aliyotumiwa na Josefin. Akaitazama ile picha, akairudisha, akaiomba tena. Akasema ni uongo. Halafu akaanza kuizunguka nyumba, anafungua friji, anaifunga, anatoka kibarazani, anaingia.

"Siku ile aliponiambia niketi nile, alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

"Na wewe, Mama?"

"Mimi niliambiwa tukiwa tumeshamzika."

Tangu hapo hajatulia. Amewapigia wale watano mmoja mmoja. Watatu wamempokea, mmoja amemtukana, mmoja hashiki simu. Leo asubuhi amenikuta nimeshika kalamu.

"Mama, andika yote. Kaka hakutoa jina la mtu. Andika ni mimi."

"Mwanangu, tangazo hili litasomwa na kanisa zima."

"Wasome. Walimhamia benchi yeye, wasome."

Basi nimeandika. Wanaokukumbuka ni mimi mama yako Dativa, mkeo Raïssa, binti yako Natalie, Josefin aliyeomba awemo, na mdogo wako Bertrand. Haya yote nimemsomea mstari kwa mstari, anaketi, anasimama, anaketi. Hutatoka mioyoni mwetu, Évode, maadamu tuko hai.

Sasa ni saa nane mchana. Simwoni tena akisimama. Mdogo wako amepitiwa na usingizi kwenye kochi, viatu miguuni.