Sitasema Kirambi Haipo

Bwenini, Kasulu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua chako kinaendeleaje? Na maharage, yamestahimili mvua? Mimi ni mzima wa mwili ila moyo umechafuka, na nataka usikie kwangu kabla ya kusikia kwa wachuuzi wa Kibondo.

Jioni hapa tunacheza kombolela kwa makundi mawili. Ukikamatwa unawekwa ndani ya duara mpaka mwenzako apenye na kukugusa. Nimetazama kamusi: jina linatokana na kukomboa. Nilifurahi, maana ndivyo ulivyotufundisha, ila kwetu anayekomboa hutaja kilima walikohamishwa wazazi wake. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, watoto wa Kirambi hucheza na watoto wa Buseka, ndiyo maana hata wadogo zangu waliozaliwa kijijini wanavijua vilima wasivyowahi kuviona.

Unajua mimi huona haya mbele za watu. Lakini Ijumaa wenzangu wote walikamatwa, nikabaki peke yangu. Generoza, binti wa mwenye duka, akanicheka: "Njoo basi, bibi vitabu! Au miguu umeiacha maktaba?"

Nikakimbia, nikapenya, nikawagusa wote na kupiga kelele: "Kirambi!"

Mwalimu wa zamu akaniita.

"Kirambi ni nini?"

"Ni kwetu, Mwalimu."

"Kwenu ni kijijini. Huko ni pori sasa. Unawarudisha wenzako nyuma."

"Babu amezikwa huko, Mwalimu."

Amesema Jumatatu niombe radhi mstarini, niseme mbele ya shule nzima kwamba Kirambi haipo. Nikikataa, nitafukuzwa. Generoza mwenyewe aliniambia, "Sema tu, Yasinta. Yataisha."

Hayataisha. Mama, najua ulivyohangaika nifike sekondari, na kwamba pale kijijini hakuna msichana mwingine aliyefika. Nimeyafikiri yote hayo. Wakinipa visiki ning'oe, nitang'oa. Uongo huo siusemi. Baba mdogo Butoyi asije kuniombea msamaha. Nikirudi, nionyeshe shamba la kulima, ila usinililie.

Nisalimie Bibi, mwambie miwani yake iliyobaki kioo kimoja nitaitafutia fundi hata nikiwa nyumbani. Msalimie shangazi mkunga. Wadogo zangu waambie waendelee kuita makundi kwa majina ya vilima kama kawaida, hata mwenyekiti wa kijiji akiwa anapita.

Mimi binti yako, nakupenda, na sitaomba radhi,

Yasinta