Nyonyo ya Mwende

Mwende wangu,

Hujui kusoma bado, na hata ungejua, nisingethubutu kukutumia barua hii huko Kitui. Naiandika kwa sababu nyumba imenyamaza tangu uende kwa susu yako, mama yangu, na nina aibu ambayo sina wa kumwambia.

Ile nyonyo yako ya mpira nilikununulia mwenyewe tukiishi Kawangware. Nilikuwa nafulia watu nguo majumbani, na wenye nyumba hawakutaka kusikia mtoto akilia, kwa hiyo nikakuziba mdomo mapema. Ulisifiwa sana kwa utulivu. Ikianguka hukulia. Uliiokota ukaniletea, nikaisuuza kwenye beseni, nawe ukafungua mdomo kama kifaranga.

Tulipohamia hapa kijiji cha Raila, Kibera, ulikuwa umepita miaka miwili na bado unayo. Wanawake wa ploti wakawa wanakutania kwenye mfereji, eti utaolewa nayo. Nilicheka nao, lakini nilijua ni mimi wananisema. Ndipo Mama Brayo, jirani yetu, akanionyesha aloe vera aliyoipanda kwenye mkebe wa rangi mlangoni pake.

"Si umpakie tu hii? Brayo nilimpakia kwa matiti, akawachana nayo siku hiyo hiyo."

Hata mimi mama aliniachisha ziwa hivyo hivyo, kwa hiyo sikuona ubaya. Niliipaka nyonyo ule utomvu mchungu, nikakupa. Ulinyonya mara moja, uso ukakunjamana, ukaitema. Nikangoja ulie. Hukulia, Mwende. Uliiokota ukaniletea niioshe.

Nikaisuuza mbele yako. Halafu nikakugeuzia mgongo, nikaipaka tena, nikakurudishia. Na wewe ukafungua mdomo.

Ulipoonja ule uchungu mara ya pili hukuitazama nyonyo. Ulinitazama mimi. Nikiwa nafua, nikiwa kwa foleni ya maji, macho hayo yananijia na ninatamani ardhi inimeze.

Nyonyo uliikataa, ni kweli, lakini ulikataa pia chakula cha mkono wangu, hata ndizi niliyokumenyea ukiona. Majirani niliwaambia una homa. Mwishowe nikakupeleka kwa mama yangu, nikamdanganya kwamba nimebanwa na kazi. Huku ploti nikajisifu kuwa umeachishwa vizuri.

Jana susu yako alipiga simu.

"Hiyo nyonyo alisahau kitambo. Lakini hata uji hanywi mpaka nionje kwanza. Mlimfanya nini huyu mtoto?"

Nilimwambia network ni mbaya, nikakata.

Jumamosi nakuja. Nitamweleza mama ukweli wote, na akitaka kunigombeza mbele yako, anigombeze. Kisha nitakaa chini nawe na kikombe cha uji. Nitaonja, nikupe. Ukikataa nitaonja tena, na kikiisha kwa kuonja kwangu, nitapika kingine.

Ni mimi,
mama yako