Mbegu Hailali Nyumba Moja

Onduparaka, Arua
Ijumaa, 21 Machi 2025

Kaka yangu mpendwa Christophe,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Midia, wewe na wifi Viola, na kwamba mvua za kwanza zimewafikia. Mimi na Mama tuko wazima kabisa. Natanguliza neno hilo kwa sababu habari inayofuata ni ya moto, na sitaki usome hata mstari mmoja ukidhani tumeungua.

Sikukupigia simu kwa sababu naijua tabia yako. Nikitaja jina la Baba, unasema mtandao mbaya, unakata. Barua haikatiki. Hamuza wa teksi ameahidi kukukabidhi mkononi na kungoja mpaka umeimaliza.

Katika daftari langu nimeandika: Jumamosi tarehe 15, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Mtaa mzima ulikuwa uwanjani, hata Mama, ambaye hajui goli ni nini lakini hapendi kubaki peke yake. Betri ya sola katika chumba changu cha kushonea ilipata joto, ikashika pazia, pazia likashika vitambaa. Tulipoona moshi, jirani yetu Obitre alikimbia mbele ya wote, tarumbeta yake ya ushabiki ikiwa bado shingoni. Watu walibeba maji kwa mabeseni, wengine wakatupa mchanga. Chumba cha Mama kilipona. Changu kiliisha: cherehani, kompyuta, kila kitu.

Unajua kwamba Baba, mwezi wake wa mwisho, alizungumza kwenye simu yangu siku saba mfululizo. Aliimba nyimbo alizoifundisha kwaya, akasimulia njia tuliyopita kutoka Beni, akataja majina ya wazee wake mmoja mmoja. Simu ile iliharibika zamani. Rekodi zote nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta, nakala nikaiweka kwenye diski, na diski nikaifungia katika sanduku la chuma pamoja na vyeti vyetu. Nilijivunia sanduku lile! Niliamini kwamba chuma hakiungui, basi na kilichomo hakiungui. Kumbe sanduku la chuma ndani ya moto ni sufuria yenye kifuniko. Vyeti vilitoka vimekauka kama chapati ya jana, ingawa vinasomeka. Diski ilikuwa uji mweusi. Obitre aliiinua kwa kijiti akasema, "Dada Rosine, hii iko imeiva, lete chumvi." Night Poni, jirani wa upande wa pili, alimfokea kwamba mutu mwenye akili hafanyi mzaha penye msiba. Maana Mama alikuwa ameketi kwenye majivu, akilia kwamba Albert wake amekufa mara ya pili.

Na mimi, Kaka, nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Night Poni akanimwagia maji, akidhani moshi umenipanda kichwani. Nikamwinua Mama, nikamnong'oneza sikioni kwamba sauti ipo. Alijifuta machozi, kisha akauliza kwa nini nimemwacha achafue kitenge bure.

Unakumbuka mbegu za maharage za Mama? Kila mavuno aliziweka mafungu matatu: moja kwetu, moja kwa shangazi ng'ambo ya mto, moja kwa jirani asiye wa ukoo wetu. Sisi wawili ndio tuliobeba, tukinung'unika njia nzima, naye akisema mbegu hailali nyumba moja, kwa sababu moto haubishi hodi. Baada ya mazishi ya Baba nilikumbuka maneno hayo. Nilijaribu kwanza kuziweka rekodi mtandaoni, lakini zile ndefu zilikatika katikati ya safari. Basi nikatafuta nyumba ya pili.

Sasa nifike penye kosa langu. Uliapa mbele ya jamaa kwamba sauti ya mtu aliyekataa kumpokea mke wako haitaingia nyumbani mwako. Kaka, imo. Imo tangu tarehe 13 Januari mwaka jana, katika kopo la mbegu za maharage lililo juu ya kabati lenu. Ni flashi ndogo, imefungwa plastiki mbili na mchele mkavu wa kunyonya unyevu. Nilipomwomba wifi, nilidhani atanirushia kopo usoni. Aliniuliza tu kama itadhurika akilitundika juu ya jiko, kama wanavyotunza mbegu kwao. Nilimwambia joto na moshi vitaiharibu. Tangu siku hiyo kopo lile halijaingia jikoni. Mwezi Januari mwaka huu nilipokuja kuwatakia heri ya Mwaka Mpya, nilikuwa nimekuja kubadilisha flashi. Mkasirikie mdogo wako, si mke wako.

Kuna jingine. Nakala isiyojaribiwa si nakala, kwa hiyo kila mara mimi hufungua mwanzo wa kila rekodi nione kama inasikika. Ile ya saba Baba aliniomba nitoke nje alipokuwa akiizungumza. Nilipoijaribu nilisikia maneno ya kwanza, nikaizima upesi kwa sababu si yangu. Alisema, "Christophe, na wewe Viola, binti yangu." Kinachofuata sikijui. Wifi hajui hata hayo machache. Amelilinda kopo bila kujua kwamba ametajwa humo.

Jumamosi tarehe 29 mimi na Mama tunataka kuja na kompyuta ya Obitre. Kitenge kimeshafuliwa. Ukiona huwezi kusikiliza, kaa shambani mpaka tumalize, lakini usitufungie mlango. Na tafadhali, mvua zisimharakishe wifi akapanda mbegu za kopo lile kabla hatujafika.

Mama anakusalimu, anasema ule vizuri. Msalimie sana wifi, na umshukuru kwa niaba yangu kama moyo utakuruhusu. Hamuza anangoja hapo mlangoni. Si lazima uandike barua. Mpe neno moja tu atuletee.

Mdogo wako akupendaye,
Rosine Kavira