Makofi ya Nyota Isiyo Yetu

Shoga, nimejifungia chooni kazini. Masikio yanawaka kwa aibu.

Ile nyota ya nyutroni, yale mabaki mazito ya nyota iliyokufa, niliyokuchosha nayo mwaka mzima, hafifu, haina mwenzake, hatimaye tuliipiga picha kwa darubini kubwa. Leo nikasimama mbele ya kikao kizima, nikaonyesha kitone: "Ndiyo hii!" Wakapiga makofi. MAKOFI!

Mgeni mmoja akauliza taratibu, "Nyota hizi huenda mbio. Ulitumia vipimo vya lini kujua mahali ilipo?"

Vya lini! Vya zamani, nilinakili tu. Nyota ilishahama pale. Nilikuwa nasifia nyota nyingine kabisa, shoga! Mgeni akaikuta yetu pembeni, kwenye picha ileile.

Lakini hilo si kitu. Mwalimu wangu akasimama: "Kosa langu. Mimi ndiye niliyempa vipimo."

Hakunipa! Alinionya nivihakiki. Na mimi nikanyamaza, mzee wa watu akachekwa kwa ajili yangu.

Sasa hivi mwalimu amegonga mlango: "Binti, toka, hakuna aliyekufa."

Nimemwambia narudi kikaoni kusema ukweli. Akasema: "Basi nawa uso kwanza. Nakusubiri hapa."