Pikapu Niliyoizungusha kwa Cherehani

Kihesa, Iringa

Kamwene, hujambo mjukuu wangu, mume wangu,

Huku tu wazima, na shangazi yako amejifungua wa kike. Uliponiandikia kwamba unataka kubadili pikapu, nilijiuliza gari umelipata lini! Shangazi akanieleza kuwa ni ile sumaku yenye waya, chini ya nyuzi za gitaa. Basi hiyo naijua kukuzidi.

Miaka ya sabini kaka yangu alipiga gitaa katika bendi moja ya hapa Mlandege. Waya wa pikapu yake ukakatika. Kiongozi akaagiza mpya kutoka Mbeya, akasema ikichelewa ataweka mpigaji mwingine. Mimi nikaichukua ile mbovu, nikaizungushia waya mwembamba wa redio iliyokufa, kwa cherehani yangu, kama ninavyojaza uzi kwenye bobini. Ulikatika mara mbili, mara ya tatu ukakubali.

Ya Mbeya ilipofika, wakazijaribu zote. Mpya ilinguruma hadi mabati yakatetemeka. Yangu ilikuwa na sauti ndogo, lakini kila kidole cha kaka kilisikika, hata kilipokosea.

"Ibaki hii ya zamani," kiongozi akasema. "Fundi wake nani?"

"Dada yangu. Hata hiyo suruali uliyovaa kaishona yeye."

Kwa hiyo usiulize ipi ina nguvu. Tafuta itakayokufanya uvisikie vidole vyako.

Ile yangu, aliyonirudishia kaka alipoacha muziki, naituma na barua hii. Miaka yote nimeiokotea sindano zilizoanguka, na sumaku haijachoka. Ifunge kwanza hiyo, ndipo uende dukani.

Bibi yako, fundi.