Boneti ya Banda la Kuku

Jumapili, 12 Novemba 1961
Rejeta imekula asubuhi yote. Niliitoa kwenye lori bovu kule Butimba. Nimeziba matundu matatu kwa risasi ya kuyeyusha, bado inachuruzika. Taa ya kushoto ni ya basi, ya kulia ni yake yenyewe. Pikapu ina kengeza. Boneti sina. Ile ya zamani ilikunjamana yote kwenye jiwe.

Jumatano, 15 Novemba
Juma, jirani yangu fundi cherehani, amenicheka tena. Nastahili. Kwetu ukikutana na mama mkwe njiani unapisha, unaingia majanini, unatazama pembeni. Mwezi uliopita nilikutana na wangu kwenye barabara ya Kisesa, anatoka gulioni. Nikapisha, kama siku zote. Nilisahau tu kwamba nipo ndani ya gari.

Jumamosi, 18 Novemba
Kabula amelia leo. Mimba yetu ya kwanza, anajifungua mwezi ujao, anamtaka mama yake. Mama hataki kuja. Anasema uso wake ndio uliovunja gari la mkwe, hakanyagi kwangu mpaka litembee. Naona aibu kuliko yeye. Na kwenda mwenyewe kumwomba radhi siwezi. Nitasimama wapi?

Alhamisi, 23 Novemba
Boneti hakuna. Nimeuliza kwenye jineri ya pamba, nimeuliza bandarini. Mvua inanyesha juu ya injini, nimeifunika kwa ngozi ya ng'ombe. Nilikasirika nikapiga bampa teke. Kidole kimevimba.

Jumatatu, 27 Novemba
Juma karudi kutoka gulio la Kisesa na boneti ya lori kaifunga nyuma ya baiskeli! Ni paa la banda la kuku la mama mkwe. Marehemu mumewe aliipata baada ya vita. Kumbe Juma, mdomo wake haufungi, kamweleza kila kitu, naye kaing'oa papo hapo. Imejaa mavi ya kuku. Na salamu juu: "Mwambie kuku wangu sasa wanalala na mimi jikoni. Asichelewe." Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Jumapili, 3 Desemba
Boneti imezidi upana kwa kiganja kizima. Nimeikata kwa tindo, nimeigonga juu ya gogo, nimeifunga kwa bawaba za mlango wa choo. Choo sasa kina pazia. Injini imewaka mara ya pili. Kabula kapiga vigelegele, nikamwambia akae chini.

Shida mpya. Mama mkwe atakaa wapi? Kando yangu haiwezekani hata kidogo.

Ijumaa, 8 Desemba
Nimefunga kiti cha mbao nyuma, bolti nne, kinatazama tulikotoka. Kioo cha kutazamia nyuma nimekielekeza juu, kwenye paa. Kila mtu anasubiri Uhuru. Mimi nasubiri kesho asubuhi nione kama pikapu itafika Kisesa. Naogopa.

Jumapili, 10 Desemba
Jana sikuandika. Uchungu ulimwanza Kabula alfajiri. Nilimwacha na mke wa Juma, Juma mwenyewe akapanda nyuma, tukaondoka. Nilisimama mbali na nyumba ya mama mkwe, nikapiga honi mara tatu, nikainamisha kichwa kwenye usukani. Kiti kikalia. Halafu ngumi mbili juu ya paa. Twende.

Rejeta inavuja, manyunyu, watu wamejaa barabarani na bendera wakielekea mjini. Ghafla wakaanza kutushangilia. Sikuelewa. Juma kanieleza baadaye: walimwona mama ameketi peke yake kwenye kiti, mwavuli juu, wakadhani ni mgeni rasmi. Naye akawapungia mkono mpaka Buswelu!

Tulisimama mara mbili kuongeza maji. Tuliwahi. Saa saba mchana mtoto alipokelewa na mikono ya bibi yake. Msichana. Nililia mbele ya Juma, na hakunicheka.

Alhamisi, 14 Desemba
Mvua imekatika. Nimenunua bati la kupeleka Kisesa, kuku nao wapate haki yao.

Mtoto kapewa jina la bibi yake. Kabula kachagua, nami nimefurahi. Ila jina la mama mkwe sijalitamka tangu nioe, na leo siwezi kuanza. Nilitaka kuliandika hapa, nikaishia herufi ya kwanza, nikaifuta.

Jioni nilimpakata barazani. Nikatafuta la kumwita, nikamwita Mama. Chumbani nikamsikia bibi yake anacheka.